Nani hasa hula ruzuku ya shamba? Jibu kwa msomaji wa Iowa

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mtu wa Kigoma, huu ni mwaka wa saba niko Marekani na familia. Tunaishi kaunti moja ya mashambani hapa Iowa, nafanya kazi kiwanda cha nyama. Mwenzangu wa kazini alinionyesha orodha ya watu wa kaunti yetu waliolipwa ruzuku za kilimo na serikali kuu, jina kwa jina. Nimeshangaa. Ubia mmoja wa familia umeandikiwa zaidi ya dola milioni 2. Wamo watu wanaoishi Arizona na Chicago, na kuna jina la mtu ambaye mji mzima unajua alishafariki. Mzee jirani yangu, ambaye namwona kwenye trekta kila siku, ana elfu chache tu. Wengine wanasema wapo wanaolipwa ili wasilime. Kwetu ruzuku tunayoijua ni ya mbolea. Hii ni ruzuku ya namna gani? Na mimi na mke wangu tukikodi ekari tano tulime mchicha, maharage na mahindi meupe, nasi tutaingia humo?"

Marahaba, mwanangu. Umeuliza swali moja lenye vichwa vinne, na kichwa cha mwisho ndicho chenye faida kwako, lakini hakieleweki bila vile vitatu vya kwanza. Kwa hiyo nivumilie.

Anza kwa kutazama tena juu ya ile orodha. Takwimu zinatoka Wizara ya Kilimo ya Marekani yenyewe, ambayo inalazimika kuzitoa kwa sheria ya uhuru wa habari. Shirika la Environmental Working Group lilianza kuzianika hadharani mwaka 2001, na hesabu zake zinaanzia mwaka 1995. Mtu akifungua ukurasa wa kaunti bila kuchagua mwaka, anachoona ni jumla ya miaka yote hiyo. Ule ubia wa milioni 2 yawezekana umepokea wastani wa dola elfu sabini au themanini kwa mwaka, ukagawanywa kwa ndugu watatu au wanne. Bado ni fedha, sikatai. Ila ni hesabu nyingine kabisa na ile iliyokushtua.

Sasa hiyo ya mbolea. Nyumbani ruzuku hutolewa kwenye pembejeo. Tanzania ilikuwa na mpango wa vocha kuanzia msimu wa 2008/09, ikarudi na ruzuku ya mbolea mwaka 2022. Kenya nayo iliushusha mfuko wa kilo 50 hadi shilingi 3,500 mwaka 2022 na 2,500 mwaka uliofuata. Serikali inakusaidia kununua, ukishavuna ni wewe na soko. Marekani iligeuza upande. Mbolea, mbegu na dizeli mkulima anajinunulia kwa bei ya dukani, kisha serikali inasimama nyuma ya bei ya mazao na nyuma ya kipato. Ndiyo maana hapa ruzuku inaitwa hundi wakati kule inaitwa mfuko.

Chanzo chake ni miaka ya 1930. Bei za mazao ziliporomoka hadi wakulima wa Iowa wakawa wanachoma mahindi kwenye majiko kwa sababu makaa ya mawe yalikuwa ghali kuliko mahindi. Mwaka 1933 ikapitishwa Sheria ya Kurekebisha Kilimo, na Waziri wa Kilimo alikuwa mtoto wa hapo hapo Iowa, Henry A. Wallace. Mwaka ule serikali iliwalipa wakulima wa pamba wafyeke takriban ekari milioni 10 zilizokwisha kuota, ikanunua nguruwe wadogo wapatao milioni 6 na kuwachinja, ili bidhaa ipungue na bei ipande. Watu walikuwa na njaa mijini. Hasira iliyotokea haijafutika hadi leo, na msemo wa kwamba serikali inalipa watu wasilime ulianzia huko.

Je, wapo leo wanaolipwa wasilime? Wapo, ila kwa sababu tofauti. Sheria ya mwaka 1985 ilianzisha mpango wa hifadhi unaojulikana kwa herufi CRP. Mwenye ardhi iliyo kwenye mteremko au kando ya kijito anaingia mkataba na serikali wa miaka 10 hadi 15, anaacha kulima kipande hicho, anapanda nyasi au miti, na serikali inamlipa kodi ya mwaka kana kwamba ndiyo mpangaji wake. Udongo hausombwi, maji ya mto yanabaki safi kiasi, ndege wanapata pa kutagia. Ukomo ni dola 50,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu ya ruzuku ambayo mlipa kodi anaweza kwenda kuiona kwa macho yake, maana nyasi zipo au hazipo. Wale watu wako wa Arizona, baadhi yao ndio hawa: walistaafu, wakahamia kwenye joto, wakaacha sehemu ya shamba chini ya nyasi, na hundi inawafuata kila Oktoba.

Sehemu iliyobaki, yaani ile ya mahindi na soya, ndiyo yenye mizizi mirefu, na hapa naomba usome taratibu.

Tangu mwaka 1996 Bunge la Marekani lilitenganisha malipo na kile ambacho mkulima anapanda mwaka huo. Kila shamba lililosajiliwa lina kitu ambacho hapa tukiite ekari za msingi: ni rekodi ya kilichokuwa kikipandwa kwenye shamba hilo miaka ya zamani, ambayo wenye mashamba waliruhusiwa kuirekebisha mwaka 2002 na tena 2014. Rekodi hiyo imeshikamana na ardhi, si na mtu. Ukinunua shamba, unanunua na rekodi yake. Shamba lenye ekari 400 za msingi za mahindi linahesabiwa kwa mahindi hata kama mwaka huu mwenyewe amepanda soya mwanzo mwisho. Watu wengi huliona hili ni kichekesho, lakini lina mantiki: ukimlipa mtu kwa kila gunia analozalisha leo, atazalisha kupita kiasi ili apate malipo, bei itaanguka zaidi, na nchi nyingine zitalalamika Shirika la Biashara la Dunia. Ukimlipa kwa historia, hana sababu ya kufukuzana na hundi.

Juu ya ekari hizo za msingi kuna mipango miwili iliyoletwa na sheria ya mwaka 2014, ile iliyofuta malipo ya moja kwa moja yaliyokuwa yakigharimu karibu dola bilioni 5 kila mwaka bila kujali bei ni nzuri au mbaya. Wa kwanza ni PLC, unaotazama bei. Sheria inaweka bei elekezi. Bei ya wastani ya soko kwa mwaka mzima ikiwa chini yake, serikali inajazia tofauti. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 iliipandisha bei elekezi ya mahindi kutoka dola 3.70 hadi 4.10 kwa busheli, na ya soya kutoka 8.40 hadi 10.00. Busheli ya mahindi ni kilo 25 na ushee.

Tuchukue mfano wa kubuni. Shamba lina ekari 400 za msingi za mahindi, na mavuno yake yaliyoandikwa kwenye rekodi ni busheli 150 kwa ekari. Bei ya soko ikiishia dola 3.90, pengo ni senti 20. Senti 20 mara 150 ni dola 30 kwa ekari. Sheria inalipa asilimia 85 tu ya ekari za msingi, kwa hiyo 30 inakuwa 25.50, na kwa ekari 400 unapata dola 10,200. Hundi hailetwi wakati wa mavuno. Inaletwa baada ya Oktoba ya mwaka unaofuata, mwaka wa soko ukishafungwa. Bei ikiwa nzuri, haiji kabisa. Mzee wako wa trekta mwenye elfu chache huenda ni mtu wa namna hiyo: ekari mia moja au mia mbili, miaka mingine anapata kidogo, miaka mingine sifuri.

Mpango wa pili ni ARC, na huu ndio unaolifanya jina la kaunti kuwa na uzito. Unaangalia mapato kwa ekari, yaani mavuno mara bei, lakini mavuno yanayotazamwa ni ya kaunti nzima, si ya shamba lako. Wastani wa kaunti ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, wote walioandikishwa kaunti hiyo wanalipwa, hata yule aliyevuna vizuri. Kaunti ikifanya vizuri, yule aliyepigwa na mvua ya mawe peke yake haambulii kitu. Wakulima wawili wanaotazamana, barabara ya changarawe katikati, mmoja kaunti hii na mwenzake kaunti ile, wanaweza kupata hundi tofauti kabisa kwa msimu mmoja. Wanalijua hilo na wanalitania kanisani, ila utani wenyewe una uchungu.

Jambo hilo hilo lilitokea kwa ukubwa zaidi mwaka 2019. Vita vya ushuru kati ya Marekani na China vilikuwa vimeua soko la soya, na serikali ya Trump ikatoa fidia zilizofikia takriban dola bilioni 23 kwa miaka miwili, 2018 na 2019. Mwaka wa kwanza zililipwa kwa busheli: soya dola 1.65, mahindi senti moja. Mwaka wa pili kila kaunti ilipangiwa kiwango chake kwa ekari, kuanzia dola 15 hadi dola 150. Kaunti za pamba za Kusini ndizo zilizojaa kileleni. Ukomo ulikuwa mkubwa kuliko wa kawaida, dola 250,000 kwa mtu. Kisha ikaja korona na malipo yake. Mwaka 2020 malipo ya serikali moja kwa moja kwa wakulima yalipita dola bilioni 45, rekodi ambayo haikuwahi kuonekana. Sasa rudi kwenye ile orodha, uchague mwaka 2019 na 2020 peke yake, halafu uchague 2013 au 2017. Utaona milima miwili na mabonde. Kwa watu wengi wa kaunti yenu, sehemu kubwa ya jumla iko kwenye ile milima, na ile milima haikupangwa na sheria ya kilimo ambayo Bunge huipitisha kila baada ya miaka mitano hivi. Ilitoka kwa dharura, kwa uamuzi wa haraka, mara nyingi karibu na uchaguzi. Mimi hili linanisumbua kuliko jina la tajiri yeyote. Mkulima hawezi kupanga maisha kwa fedha asiyojua kama itakuja, na akizoea kwamba kila msukosuko huletewa fidia, anaanza kukubali kodi ya shamba, yaani pango, asiyoimudu.

Kodi ya shamba. Hapo ndipo penye jibu la swali la juu kabisa, nani hasa anakula.

Zaidi ya nusu ya ardhi ya kilimo ya Iowa inalimwa na mtu asiye mwenye nayo. Na theluthi mbili ya ardhi hiyo iko mikononi mwa watu wa miaka 65 na kuendelea. Kuna namna mbili za kukodi. Ya kwanza ni kugawana mavuno, kama nusu kwa nusu ya kwetu: hapo ruzuku nayo inagawanywa, na mwenye ardhi anaonekana kwenye orodha, hata akiwa anaishi ghorofani Chicago. Ya pili ni kodi ya fedha taslimu, na hapo hundi yote inaandikwa jina la mpangaji anayelima. Mwenye ardhi haonekani popote. Lakini yeye anajua kwamba shamba lina ekari za msingi, anajua hundi ikija ni kiasi gani, na mkataba unapofanywa upya anapandisha. Mchumi Barrett Kirwan alipima jambo hili katika utafiti wake wa mwaka 2009 akakuta kwamba katika kila dola ya ruzuku, karibu senti 25 huishia kwa mwenye ardhi kupitia kodi. Na kodi wastani ya ekari moja Iowa kwa miaka hii ni dola mia mbili sabini na kitu, kwa hiyo hata senti chache za busheli zina maana kwa pande zote mbili.

Ndiyo maana nasema orodha ni daftari la walioandikiwa hundi. Si daftari la walionufaika. Mjane anayekodisha ekari 320 kwa fedha taslimu hayumo, na huenda ananufaika kuliko mpangaji wake aliyemo. Muuza matrekta naye hayumo.

Kuna fungu jingine kubwa ambalo halimo kabisa kwa majina, nalo ni bima ya mazao. Bima hii ilianzishwa mwaka 1938, na leo ndiyo nguzo ya kilimo cha mahindi na soya. Iowa zaidi ya asilimia 90 ya ekari za mazao hayo zina bima. Inauzwa na kampuni binafsi, lakini kwa wastani serikali hulipa zaidi ya asilimia 60 ya ada, mkulima akamalizia. Haina ukomo wa malipo kwa mtu. Haina kipimo cha kipato. Mwenye ekari 20,000 anapunguziwa ada kwa ekari zote 20,000, na sheria inakataza jina lake kutangazwa. Utakuta jumla ya kaunti tu. Sisemi bima ni mbaya: wewe ulikuwepo Iowa au umesikia habari za ule upepo wa tarehe 10 Agosti 2020, uliong'oa paa za nyumba za wahamiaji Cedar Rapids na kulaza mahindi chini kwenye kaunti nyingi za katikati ya jimbo. Bila bima, mashamba mengi yangefilisika msimu ule. Ninachosema ni kwamba watu wanagombana juu ya majina kwenye orodha huku fungu lisilo na majina likipita pembeni kimya kimya.

Sasa ule ubia. Kwa mazao ya 2019 hadi 2024 sheria iliweka ukomo wa dola 125,000 kwa mtu kwa mwaka katika ARC na PLC pamoja. Sheria ya 2025 imeupeleka 155,000, nao utapanda na mfumuko wa bei. Mtu ambaye kipato chake kwa hesabu za kodi kinazidi wastani wa dola 900,000 kwa mwaka haruhusiwi. Lakini neno "mtu" hapo lina milango. Mke ana ukomo wake. Ubia wa kawaida hauna ukomo wake wenyewe. Kila mbia ana wa kwake. Wabia wanane, ukomo mara nane. Kila mbia anatakiwa awe anashiriki kweli katika kilimo, kwa kutoa ardhi, mtaji au vifaa, na pia nguvu zake au uongozi. Nguvu za mikono zinaonekana. Uongozi hauonekani, na kwa miaka mingi mtu aliweza kuhesabiwa "anaongoza" kwa kupiga simu mara chache kutoka mji mwingine. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge, GAO, iliandika mwaka 2013 kwamba masharti haya yanahitaji kubadilishwa. Yakabanwa kidogo mwaka 2015, lakini si kwa mashamba ya familia, kisha sheria ya 2018 ikapanua maana ya familia hadi binamu na watoto wa ndugu. Familia kubwa yenye wakili mzuri haivunji sheria hata kidogo. Sheria ndiyo ilivyoandikwa, na walioiandika walijua.

Kuhusu marehemu: mtu akifa katikati ya msimu, mirathi yake inaweza kulipwa kihalali kwa muda wakati warithi wanapanga mambo. Hilo ni la kawaida. Lisilo la kawaida ni lile GAO ililoligundua mwaka 2007, kwamba kati ya 1999 na 2005 wizara ilikuwa imelipa dola bilioni 1.1 kwa majina ya waliofariki, baadhi yao zamani sana. Baada ya hapo wakaanza kulinganisha majina na kumbukumbu za vifo za Hifadhi ya Jamii. Kwa hiyo ukiona jina la marehemu, tazama mwaka wa malipo kabla hujamnong'oneza mtu.

Na ukubwa kwa ujumla? Tangu 1995, asilimia 10 ya wapokeaji wakubwa wamechukua zaidi ya robo tatu ya malipo ya mazao. Haishangazi: fedha inafuata ekari, na ekari zimekusanyika kwa wachache. Anayetaka ruzuku isaidie wadogo inabidi aache kuipima kwa ekari, na hilo Bunge halijawahi kukubali.

Kabla sijafika kwako, neno kuhusu kamati ya kaunti. Kila ofisi ya FSA, yaani wakala wa wizara unaohudumia mashamba, ina kamati ya wakulima waliochaguliwa na wenzao kwa kipindi cha miaka mitatu. Kama ulikuwepo nyumbani wakati wa kamati za vocha za kijiji, unajua mara moja uzuri na ubaya wa mpango huo: wanaokaa mezani wanakufahamu. Kamati haipangi viwango vya malipo. Hivyo vinatoka Washington. Lakini huajiri mkurugenzi wa ofisi na husikiliza mashauri ya nani anastahili. Kwa miongo mingi kamati hizi, hasa Kusini, ziliwanyima wakulima Weusi mikopo au kuichelewesha hadi msimu ukapita. Kesi ya Pigford, ambayo wakulima hao waliishtaki wizara, ilimalizika kwa mapatano mwaka 1999, awamu ya pili ikatengewa dola bilioni 1.25 mwaka 2010, na mwaka 2024 wizara ililipa takriban dola bilioni 2 kwa watu zaidi ya 43,000 waliobaguliwa katika mikopo yake. Nakueleza haya ili ujue kwamba kura ya kamati ina thamani. Na unaweza kuipiga hata kama hujawahi kulipwa senti, mradi umejiandikisha na kutoa taarifa za shamba lako. Karatasi za kura hutumwa kwa posta mwezi Novemba.

Haya, ekari zako tano.

Kwa ARC na PLC, usipoteze usingizi. Mchicha na mboga nyingine hazimo kwenye mazao yanayolipwa. Mahindi meupe yanahesabiwa kama mahindi, lakini malipo yanafuata ekari za msingi za shamba, na shamba lenye ekari za msingi 10 au pungufu kwa kawaida halilipwi, isipokuwa kwa makundi machache kama wakulima wanaoanza. Na hata ukilipwa, piga hesabu ya mfano wangu wa juu kwa ekari tano: haizidi dola 130, tena miaka ya bei mbaya tu. Kuna jambo lingine litakalokushangaza. Mwenye ardhi anaweza kusita kukukodisha kwa ajili ya mboga, kwa sababu mboga zikizidi asilimia 15 ya ekari za msingi za shamba, zile zinazozidi zinakatwa kwenye malipo. Kwa ekari tano ndani ya shamba la ekari 300 hilo haliwezi kutokea. Mweleze taratibu; akikataa, iwe kwa sababu nyingine.

Milango yako ni mingine, na si mibaya. Upo mpango wa NAP, ambao ni kinga kwa mazao yasiyo na bima ya kawaida. Kinga ya msingi inahesabu hasara inayozidi nusu ya mavuno na kulipa kwa asilimia 55 ya bei. Ni kidogo, lakini mkulima anayeanza, yaani ambaye hajafikisha miaka 10 kwenye kilimo, anasamehewa ada ya kujiunga. Lazima fomu yako ifike ofisini kabla ya msimu. Kila zao lina tarehe yake, na ofisi ya kaunti ndiyo inayokuambia. Ipo pia mikopo midogo ya FSA, hadi dola 50,000 kwa uendeshaji, yenye karatasi chache kuliko mkopo wa kawaida; huo ni mkopo, unarudishwa. Na ndugu wa FSA anayeitwa NRCS, yaani wakala wa wizara unaoshughulikia hifadhi ya udongo na maji, ambaye mara nyingi yuko jengo hilo hilo, husaidia kugharamia kitalu nyumba cha nailoni. Kwa mtu wa mchicha Iowa, ambako baridi huanza kuuma Oktoba, kitalu nyumba kinarefusha msimu kwa majuma kadhaa kila upande. Ningekuwa wewe, hapo ndipo ningeanzia. Ukipata kipato cha kutosha baadaye, uliza bima iitwayo Micro Farm, iliyoanza 2022 kwa mashamba madogo yenye mazao mchanganyiko.

Kuhusu hati zako: raia na mwenye ukaaji wa kudumu wanatendewa sawa kwenye malipo haya. Asiye na ukaaji wa kudumu anaweza kustahili ikiwa anatoa ardhi, mtaji na pia kazi ya mikono yake mwenyewe shambani. Malipo yoyote utakayopata yanahesabiwa kama kipato kwenye kodi, usisahau kumwambia anayekujazia fomu.

Jifunze pia kwa waliotangulia. Karibu na Des Moines, shirika la Lutheran Services in Iowa liliendesha mradi wa Global Greens uliowapatia vipande vya ardhi wakimbizi wengi, wakiwemo Warundi, Wanyarwanda na Wakongo wanaozungumza Kiswahili safi. Wao watakueleza mchicha unauzwaje sokoni, jambo ambalo mimi na ofisi ya kaunti hatulijui.

Siku ya kwenda ofisini, piga simu kwanza upewe miadi. Ukifika usiombe ruzuku, maana neno hilo litawafanya wakuoneshe vipeperushi vya soya. Sema umekodi shamba na unataka kuandikishwa kama mwendeshaji wake, upewe namba ya shamba. Chukua mkataba wa kukodi ulioandikwa na kusainiwa (wa mdomo utakuchelewesha), kitambulisho, namba yako ya Hifadhi ya Jamii na taarifa ya benki. Mwambie mke wako aje pia, na jina lake liingie kwenye mkataba pamoja na lako. Watakupa fomu za taarifa zako, za kipato, na moja ya kuahidi kwamba hutalima ardhi oevu wala mteremko unaomomonyoka bila utaratibu. Kisha kila mwaka, kabla ya tarehe 15 Julai, rudi utoe taarifa ya ulichopanda na wapi. Wenye mboga wengi huacha hatua hiyo kwa kuwa hawaoni malipo, halafu mvua ya mawe inapopiga Agosti ofisi haina rekodi yoyote kwamba walikuwa wamepanda kitu.